Magunia Yaliyonyweshwa Pombe

Mimi sina subira, na sijawahi kudai kuwa ninayo. Kwa hiyo asubuhi ile lori la kampuni lilipochelewa, jua lilikuwa halijapanda vizuri na tayari nilikuwa nimeshagombana na nusu ya kijiji. Nilimfokea rafiki yangu Domingas kwa kukalia gunia. Nikamfokea mume wangu, Fidelis, kwa kuniuliza tena kama lori litakuja kweli. Nikawafokea na kuku, maana walikuwa wanachakura mlangoni pa ghala.

"Tomásia, hata kuku?" Fidelis akasema. "Kuku wamekukosea nini?"

"Wananitia wasiwasi."

"Wasiwasi unao mwenyewe. Kuku wanatafuta chakula tu."

Nikampa mgongo, kwa sababu alikuwa anasema kweli na mimi sipendi kuambiwa kweli nikiwa na njaa.

Kwetu huku, njia ya kwenda mji wa Quinhamel, mikorosho ni ya wanaume na kazi ni ya wanawake. Sisi ndio tunaoinama msimu mzima kuokota, sisi ndio tunaong'oa korosho kwenye bibo, sisi ndio tunaokamua mabibo. Pombe ya mabibo ni yetu, hilo hakuna mwanamume anayethubutu kulibishia. Lakini korosho zenyewe miaka yote zilikwenda kwa Saliu, mwenye duka la njia panda. Unampelekea korosho, anakupimia mchele, unarudi na beseni kichwani. Ikifika katikati ya mvua, mchele umekwisha, korosho huna, na wewe umebaki kukopa kwa Saliu yuleyule. Saliu si mtu mbaya. Naye alikuwa anapangiwa bei na watu wa Bissau, na wa Bissau wanapangiwa na watu wa huko meli ziendako, kila mmoja anamega chake, makombo ndiyo yanatufikia.

Mwaka huo nikawaambia wanawake wenzangu tuziweke korosho zote pamoja, tuzianike wenyewe, tuzichambue wenyewe, tuiuzie kampuni inayopakia melini bila kupitia mlango wa mtu. Walinicheka kwanza. Nikawafuata kila mmoja kwake mpaka wakachoka kuniona. Wanaume nao wakakubali, ila kwa sharti, na aliyetumwa kulisema sharti lenyewe mbele ya watu ni mume wangu.

"Mwaka huu tu," Fidelis alisema. "Lori likizikataa, mwakani zinarudi kwa Saliu, na tusisikie tena habari za kampuni."

Nilijua uzito wa maneno yale. Wanaume wa kwetu wakishatamka jambo hadharani, kulitengua ni kazi ya ukoo mzima, na mimi sina ukoo mkubwa. Ndiyo maana msimu ule niliwasimamia wenzangu mpaka wakanichukia. Hakuna kupiga matawi kwa fimbo, tunangoja bibo lianguke lenyewe. Hakuna mifuko ya nailoni, magunia ya katani tu, yanayopitisha hewa. Na zilipokauka na kuingia ghalani, nilisimama mlangoni nikasema hakuna tone la maji litakalopita hapa, hata la kunywa.

Saliu naye alikuja asubuhi ile. Aliegesha pikapu yake ya mchele ng'ambo ya barabara, akateremsha kiti, akakaa.

"Umekuja kutuzika?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Nimekuja tu, kama mtanihitaji."

"Hatutakuhitaji."

"Sawa. Mchele hauozi," akasema, akavua kofia akaanza kujipepea.

Lori likafika. Akashuka mkaguzi, kijana mrefu mwembamba anayeitwa Hermenegildo, lakini dereva alikuwa anamwita Gildo, na sisi tukamwita hivyohivyo. Alikuwa na mkoba wenye kisu cha kupasulia korosho na kipimo cha unyevu. Hakuwa na maneno mengi. Akaamkia wazee, akaingia ghalani, akaanza na magunia ya nyuma kabisa. Anachoma gunia, anatoa korosho kiganjani, anazipasua moja moja, anatazama kiini, anaweka kipimo. Viini vilikuwa vyeupe, vimejaa.

"Nani alizianika hizi?" akauliza.

"Sisi."

"Mmeanika vizuri."

Domingas akanifinya mkono mpaka nikasikia maumivu. Nikaona wanaume waliokuwa wameegemea ukuta wanatazamana. Gildo akaja mbele, kwenye mstari wa magunia ulio karibu na mlango, yale ya kupakiwa kwanza. Akachoma la kwanza, akatia mkono, akautoa, akaunusa. Akachoma la pili. Akaweka kipimo, kikalia.

"Mama," akaniambia taratibu, "haya yamemwagiwa kitu."

"Haiwezekani."

"Njoo ushike."

Nikashika. Gunia lilikuwa limelowa upande wa juu, linanata. Nikaunusa mkono wangu. Kwetu hapana mtoto anayehitaji kuambiwa harufu ile ni ya nini, ni pombe ya mabibo, tena iliyokolea. Nikageuka. Mlangoni alikuwa amesimama Mama Mkubwa Sábado, dada yake marehemu mama yangu, amejifunga kitambaa chake cha sikukuu, kibuyu kiko kwapani, anatabasamu kama mtu anayengoja kushukuriwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu hakiondoki kitu bila mizimu na wazee waliotangulia kupewa chao. Bibi harusi akitoka, pombe inamwagwa. Mtumbwi mpya, mtoto anayekwenda kusoma Bissau, ng'ombe wa mahari, wote huagwa hivyo. Mimi katika pilika zangu zote za kuanika na kuchambua sikukumbuka tambiko. Mama Mkubwa alikumbuka. Alichokosea ni kwamba hakumwaga chini ya mti wa msufi, penye tambiko, kama kawaida. Aliona wasafiri ni magunia, akayanywesha magunia.

"Mama Mkubwa, umefanya nini?"

"Nimefanya ulichosahau wewe. Zinavuka bahari na hazijaagwa. Ungeziacha ziende hivyohivyo kama za kuibwa?"

"Si nilisema hakuna tone la maji?"

"Na maji kamwaga nani? Mimi nimemwaga pombe. Ile nzuri, niliyoficha."

Nje watu wakacheka. Mimi sikucheka, na Gildo hakucheka. Alikuwa anafuta kisu, anakirudisha mkobani, na nikaisikia zipu ikifungwa.

"Nimesikia hadithi nyingi," akasema. "Watu wanamwagia magunia maji usiku ili mizani ipande. Nyinyi mmetia na harufu. Amri niliyopewa ni moja, nikikuta yaliyomwagiwa, mzigo wote naacha. Nikiupakia ukaota ukungu baharini, anayefukuzwa kazi ni mimi."

"Ni mstari mmoja tu."

"Nitajuaje? Mnaweza kuwa mmemwaga chini ya magunia ya nyuma, mimi nikachoma juu."

Ng'ambo ya barabara Saliu akasimama, akaanza kufungua ubao wa nyuma wa pikapu yake. Hakufanya kwa kiburi, alifungua tu, kama mtu anayejua kazi yake imefika. Nadhani kile ndicho kilichonimaliza. Damu ikanipanda kichwani, nikamgeukia Mama Mkubwa, mama yangu aliyebaki duniani, nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mkubwa wake.

"Umetumaliza. Umetumaliza wote. Si ungekaa na kibuyu chako nyumbani?"

Mama Mkubwa akakiweka kibuyu chini polepole.

"Mama yako alipopelekwa Ziguinchor, ng'ambo ya mpaka, kutibiwa," akasema, "gari lilikuwa na haraka. Dereva anapiga honi, wewe unalia, watu wanasema pandisheni mgonjwa, pandisheni mgonjwa. Hakuna aliyemmwagia. Nilikuwa na kibuyu mkononi, nikanyamaza. Hakurudi. Leo nimeona gari lingine linakuja kuchukua vya kwetu, nikasema sinyamazi tena."

Hasira ilinitoka yote kwa mara moja, nikabaki nimesimama na mikono inanata. Nilitamani nimkumbatie, lakini watu walikuwa wanatazama, na bado Gildo alikuwa anaelekea kwenye lori lake.

Domingas akaninong'oneza, "Mwambie paa linavuja."

Nikatazama juu. Mabati yalikuwa mapya, tuliyachangia wenyewe msimu uliopita, na Gildo naye ana macho. Halafu nikafikiri, nikimdanganya huyu leo, mwakani nitamwambia nini? Nikamfuata.

"Ndugu yangu, simama kwanza. Magunia yale yamelowa kweli na aliyeyalowesha ni mama yangu. Ila nikuulize, mtu anayetaka kuiba kwenye mizani anamwaga nini? Kisima kile pale. Maji ni bure. Nani atamwaga pombe yake nzuri ili aongeze uzito?"

Gildo alitaka kucheka, nikamwona, akajizuia.

"Hilo nalielewa, mama. Lakini siwezi kupakia maelezo yako."

"Basi tumwage zote. Kila gunia, mpaka chini, hapa nje, mbele ya macho yako. Zilizolowa tunaziweka kando. Ukikuta nyingine, nenda zako na mimi mwenyewe nitakusindikiza."

Akatazama jua. "Lazima niwe bandarini kabla hawajafunga lango. Magunia yote haya, nyinyi na nani?"

Lilikuwa swali la haki. Sisi wanawake peke yetu tusingemaliza. Nikatazama ukutani walikoegemea wanaume, na katikati yao Fidelis, mikono kifuani. Tangu siku aliyotamka lile sharti nilikuwa nimejiapiza kuwa katika jambo hili sitamwomba hata kiberiti. Nikaenda mpaka mbele yake.

"Nisaidie," nikasema.

"Sijasikia."

"Umesikia, Fidelis."

"Nimesikia, lakini hawa hawajasikia."

Ningeweza kumpiga. "Baba watoto," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "naomba unisaidie."

Akanitazama kidogo, si kwa dhihaka. Akavua shati, akalitundika msumarini. "Haya," akawaambia wenzake, "kuta hizi zimeshikwa vya kutosha, hazitaanguka."

Wakaja. Wengine kwa kusitasita, wengine wakinung'unika, lakini walikuja. Maturubai yetu hayakutosha. Nilipokuwa nazunguka kutafuta jingine, Saliu akavuka barabara akilikokota lile la kufunikia mchele wake.

"Wewe tena?" nikamwambia.

"Mkifaulu, mwakani sina biashara," akasema. "Najua. Lakini siwezi kukaa kwenye kiti natazama wazee wanabeba mizigo. Mama yangu hakunilea hivyo. Shika pembe hiyo."

Tukafungua, tukamwaga, tukatandaza. Gildo alikuwa anatembea katikati ya korosho amevua viatu, anainama, anapasua, anapima, anasogea. Vumbi lilitujaa puani. Hakuna aliyeimba wala kupiga soga, ilisikika sauti ya korosho zikimwagika tu, na mara mojamoja kipimo, na kila mara kipimo kilipokaa kimya Domingas alikuwa anasema "asante" bila kumwambia mtu. Mama Mkubwa hakwenda nyumbani. Alikaa chini pembeni ya turubai akawa anashona midomo ya magunia kwa sindano kubwa, haraka kuliko vijana, na hakunitazama.

Gildo akamaliza. Akavaa viatu.

"Kavu," akasema. "Isipokuwa ule mstari wa mbele."

Watu wakaanza kupiga makofi, akainua mkono.

"Ngojeni. Mkataba ni wa kujaza kontena. Kontena halisafiri na pengo. Mkiutoa mstari ule, mzigo haufiki. Mna korosho nyingine kavu?"

"Hatuna," nikasema. "Zote tulileta hapa. Tuliapa."

Ni kweli tuliapa, mimi ndiye niliyewaapisha. Kila mwanamke alete korosho zake zote, asibakize hata za kuchoma. Nikawatazama wenzangu nipate kuthibitishiwa, na kila niliyemtazama alikuwa ameona kitu cha maana sana ardhini.

Mama Mkubwa akakata uzi kwa meno.

"Mimi ninalo gunia," akasema. "Chini ya kitanda."

"Mama Mkubwa!"

"Unashangaa nini? Nilisema mambo yakiharibika, nitabadilisha nipate mchele. Mimi ni mzee, lakini nala."

Kisha Domingas, Domingas wangu niliyekula naye kiapo kwa kushikana mikono, akakohoa. "Na mimi ninalo. Dogo. Liko jikoni."

Baada yake wakafumuka wote. Huyu juu ya dari, yule kwenye pipa, mwingine kwa mama mkwe. Nilisimama nikiwasikiliza na kichwa kinaniwaka. Hakuna hata mmoja aliyeniamini. Msimu mzima wanaitikia ndiyo dada, sawa dada, kumbe kila mtu ana lake chini ya kitanda. Nikafungua mdomo niwape, na nilikuwa na maneno ya kutosha mpaka jioni, nikamwona Fidelis anatoka nyumbani kwetu amebeba gunia begani, na mdogo wake nyuma yake na jingine.

Nyumbani kwangu mimi.

"Nilijua ungekasirika," akasema akilitua miguuni pangu. "Nikaona bora ukasirike ukiwa umeshiba."

Jamani, nilifunga mdomo. Nilifunga mdomo na watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na mimi mwenyewe nikajikuta nacheka huku naudhika, mambo mawili kwa pamoja. Nikaenda nikachuchumaa kwa Mama Mkubwa, nikaikamata mikono yake iliyokuwa imechubuka kwa uzi.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Toka hapa, unanizuia kazi," akasema, lakini mikono hakuitoa.

Gildo alipima ya chini ya vitanda yote. La Domingas alilikataa kwa sababu lilikuwa limekaa juu ya meko mpaka korosho zinanuka moshi. Yaliyobaki yalitosha, na machache yakazidi. Wakapakia. Dereva akafunga turubai, Gildo akaandika karatasi ya mzigo na mahali pa jina la muuzaji akauliza aandike nani. Nilitaka kusema Fidelis kwa mazoea, ulimi ukagoma. Nikamwambia aandike wanawake wa hapa. Akaandika hivyo, na jina la kijiji.

"Wakishapima bandarini, mnalipwa," akasema. "Na msimu ujao nitumieni habari mapema, nije kabla ya mawingu."

Fidelis alikuwa amesimama pale pale, akivaa shati lake. "Msimu ujao," akawaambia wanaume wenzake, "ghala hili ni dogo." Hakuna aliyembishia.

Domingas alikuwa amekiokota kibuyu. "Mama Mkubwa, kuna pombe imebaki. Tulimwagie hata gurudumu, liende salama."

"Acha," Mama Mkubwa akasema. "Waliotangulia wameshakunywa tangu asubuhi. Ukiwaongezea watalewa, lori lipotee njia."

Lori likaondoka. Saliu akakunja turubai lake, akapandisha kiti, akatupungia mkono, akawasha pikapu akaenda na mchele wake. Vumbi likatulia. Sisi tukawa bado tumesimama kando ya barabara, wanawake wote, hakuna anayeondoka. Nilijiuliza tumekuwaje. Nikatazama, nikaona Domingas ana beseni mkononi. Yule wa pembeni yake pia analo. Wengi walikuwa nayo, sijui hata waliyachukua saa ngapi, na mimi langu lilikuwa kichwani.

Miaka yote korosho zikiondoka, tunasimama hivi na mabeseni kungoja mtu atupimie mchele. Miguu ilikuwa imejisimamisha yenyewe.

"Tunangoja nini?" Mama Mkubwa akauliza.

Nikalishusha beseni langu kichwani, huku machozi yananitoka.

"Hakuna," nikasema. "Hatumngoji mtu. Twendeni nyumbani."